Hawajatoweka, wapo getini wanauza fulana

Ukisoma habari za Wamaya popote pale, iwe kitabu cha shule, jarida la kwenye ndege au ile filamu ya televisheni yenye muziki wa kutisha, kuna neno utakutana nalo kabla hujamaliza aya ya pili: walitoweka. Eti walijenga mapiramidi, wakahesabu nyota, wakatunga kalenda, halafu siku moja wakayeyuka kama moshi wa mkaa.

Mhariri mmoja ninayemwandikia makala aliposikia nakwenda Meksiko alinitumia ujumbe: "Niletee siri ya watu waliotoweka. Maneno 800, picha tatu." Nikamwandikia. Akaikata nusu, na neno "waliotoweka", ambalo sikuliandika mahali popote, akalipachika kwenye kichwa cha habari kwa herufi kubwa. Haya, ndiyo kazi yetu hiyo, tumeizoea. Yaliyobaki nayaweka hapa kwangu ambako hakuna wa kunikata.

Nilikwenda Palenque. Ni mji wa kale wa Wamaya katika jimbo la Chiapas, kusini kabisa mwa Meksiko, karibu na mpaka wa Guatemala. Wapo wanaokwenda Chichén Itzá kwa sababu iko karibu na fukwe za Cancún, mtu anaoga baharini asubuhi, mchana anapiga picha na piramidi, jioni yuko baa. Sina ugomvi nao. Mimi nilitaka Palenque kwa sababu ya maandishi yake.

Kutoka mji wa sasa hadi magofuni ni kama kilomita 8, na usafiri ni colectivo, yaani daladala. Ni zile zile hiace unazozijua, watu wamebanana, redio inapiga kelele, picha ya Bikira Maria imebandikwa kwenye kioo. Tofauti ni kwamba hakuna konda wa kuning'inia mlangoni. Unalipa mara mbili kabla hujaingia, kwanza fedha ya hifadhi ya msitu, kisha fedha ya magofu. Jumapili raia wa Meksiko hawalipi kiingilio cha magofu, na nadhani sisi tungeiga jambo hilo kesho asubuhi.

Ukishapita geti unasikia msitu kabla hujaona jiwe. Kuna kima weusi wa huko ambao kazi yao ni kupiga mayowe, na sauti yao ni kubwa kuliko miili yao mara kumi. Usipoonywa utatafuta mti wa kupanda, na mti huo huo ndio wanakokaa. Halafu miti inafunguka, unaona uwanja wa nyasi za kijani kibichi na majengo ya mawe ya chokaa yaliyoegemea mlima. Kulia kuna Hekalu la Maandishi, refu, ngazi zake kali kama paa la nyumba, na hairuhusiwi kupanda. Mbele yako kuna Kasri lenye mnara wa ghorofa nne. Chini ya miguu yako, na hili watalii wengi wanalipita bila kuliona, kuna mto. Kweli. Wahandisi wa mji ule walijenga mfereji wa mawe ulioezekwa, wakaupitisha mto Otulum chini ya mji ili wapate ardhi tambarare ya kujengea. Mji wenyewe uliitwa Lakamha', yaani Maji Makubwa. "Palenque" ni neno la Kihispania, maana yake boma la miti. Na unachokiona ni sehemu ndogo tu, sehemu kubwa bado imelala chini ya msitu.

Mwenye mji alikuwa Pakal. K'inich Janaab Pakal alikalia kiti mwaka 615 akiwa mtoto wa miaka 12, na kuna jiwe ndani ya Kasri linaloonyesha mama yake, Sak K'uk', akimkabidhi taji. Alitawala miaka 68, akafa mwaka 683. (Najua unachofikiria. Hapana, hakuna uchaguzi aliouiba.) Kaburi lake lilikaa chini ya Hekalu la Maandishi karibu miaka 1,270 bila mtu kulijua. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mwanaakiolojia wa Meksiko, Alberto Ruz Lhuillier, aliona matundu kwenye jiwe moja la sakafu ya hekalu, akajiuliza, matundu ya nini? Wakaliinua. Chini yake kulikuwa na ngazi iliyojazwa kifusi kwa makusudi. Ilichukua misimu minne ya kazi kuizibua, hadi mwaka 1952 walipofika chini na kumkuta mzee amelala kwenye jeneza la jiwe, usoni amevikwa barakoa ya vipande vya jade. Barakoa hiyo iko kwenye makumbusho Mexico City. Usiku wa Krismasi ya mwaka 1985 vijana wawili waliingia humo wakaiiba pamoja na vitu vingine zaidi ya 100, na ikapatikana mwaka 1989. Hiyo peke yake ingetosha filamu, lakini tusonge.

Mfuniko wa jeneza lile umechongwa picha ya Pakal akiwa kati ya kufa na kuzaliwa upya, mti wa ulimwengu ukiota juu yake. Mwaka 1968 Mswisi mmoja, Erich von Däniken, aliandika kitabu kilichouzwa dunia nzima, akasema huyo ni rubani amekaa ndani ya roketi. Eti walikuja wageni kutoka anga za mbali wakawafundisha Wamaya kujenga.

Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo hili linanihusu. Maana huyo Mswisi hakuwa wa kwanza. Kabla yake walisema waliojenga ni makabila yaliyopotea ya Israeli, wengine wakasema Wafoinike, wengine Wamisri, wengine watu wa Atlantis. Msanii Jean-Frédéric Waldeck aliishi Palenque miaka ya 1830, akachora nakshi za ukutani, na michoro yake ina vichwa vya tembo! Tembo, katika misitu ya Chiapas. Mtu yeyote alikubalika kuwa mjenzi wa mji ule, alimradi asiwe babu wa yule anayelima mahindi kilomita mbili kutoka hapo.

Si ndiyo hadithi ya Great Zimbabwe? Wazungu waliikuta wakasema ni ya Malkia wa Sheba, ni ya Wafoinike, ni ya nani sijui. Gertrude Caton-Thompson alichimba mwaka 1929 akathibitisha kwamba ni kazi ya Waafrika, na bado utawala wa Rhodesia ulihangaika kuificha habari hiyo hadi mwisho wake. Na Kilwa yetu je? Mimi nilifundishwa darasani kwamba "waliokuja" ndio walioijenga. Ilinichukua miaka kujua kwamba walikuwepo wenyeji wanaosema lugha yao, wanaovua samaki wao, ambao wageni walioa kwao.

Kwa upande wa Wamaya, aliyesema kweli mapema alikuwa Mmarekani, John Lloyd Stephens. Alifika Palenque mwaka 1840 akalala ndani ya Kasri, popo juu, mbu chini, na kitabu chake cha mwaka 1841 kilieleza kwamba haoni sababu ya kutafuta wajenzi Misri wakati wazao wao wako pale pale. Huyo huyo mwaka mmoja kabla alikuwa amenunua mji mwingine wa Wamaya, Copán, ulioko Honduras, kwa dola 50. Akajaribu kuinunua Palenque pia. Binadamu!

Mwongozaji wangu alikuwa Mch'ol wa kijiji cha jirani, mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, kofia ya nyasi. Nilimwita don, ndivyo wanavyomwita mtu mzima huko, nami kichwani nilikuwa nikimwita mzee. Kihispania changu ni cha kuombea maji, cha kwake ni cha kujifunza shuleni, kwa hiyo tulielewana vizuri sana kwa sababu wote tulikuwa tunasema polepole.

Lugha za Kimaya ziko kama 30, na wasemaji wake ni zaidi ya milioni 5 kati ya Meksiko, Guatemala na Belize, ukiacha waliohamia Marekani. Kich'ol peke yake kina watu zaidi ya 200,000. Na hiki ndicho ambacho mhariri alikikata: lugha iliyochongwa kwenye mawe ya Palenque ni jamaa wa karibu kabisa wa Kich'ol. Don alisimama mbele ya maandishi akanionyesha kwa kijiti. Hapa otoot, nyumba. "Sisi nyumbani tunasema otyoty," akasema. Mahindi kwenye maandishi ni ixim. Na kwenu? Ixim. Maji? Akacheka, akanionyesha mto.

Halafu akanionyesha jina la Pakal, na hapo nikashindwa kujizuia kucheka kwa sauti, watalii wakageuka. Pakal maana yake ngao. Wakati mwingine waandishi walichora ngao tu, basi. Lakini wakati mwingine waliliandika kwa silabi: pa, ka, la. Irabu ya mwisho haitamkwi. Jamani, hii si ni ba be bi bo bu ya darasa la kwanza? Maandishi yaliyowashinda maprofesa wa Ulaya kwa zaidi ya miaka 100, mtoto wa Kiswahili aliyekaa sakafuni na kipande cha chaki angeelewa mara moja yanavyofanya kazi.

Naomba mnivumilie hapa. Mwaka 1562, katika mji wa Maní huko Yucatán, padri Mfransisko aliyeitwa Diego de Landa alikusanya vitabu vya Wamaya akavitia moto, kwa kuwa aliona ni vya shetani. Yeye mwenyewe aliandika kwamba watu walisikitika sana. Leo duniani kote vimebaki vinne tu: kimoja Dresden, kimoja Madrid, kimoja Paris na kimoja Mexico City. Vinne! Ustaarabu mzima wa kuandika, umebaki na vitabu unavyoweza kuvibeba kwapani.

Kisha Landa huyo huyo akataka kueleza maandishi ya Wamaya yalivyo. Akamkalisha Mmaya msomi, akamwambia niandikie a, niandikie be, niandikie se, akitaja herufi za Kihispania. Yule bwana akaandika alichosikia: silabi be, silabi se. Landa akadhani ni alfabeti. Akamwomba pia aandike sentensi yoyote, na sentensi iliyobaki kwenye kitabu cha Landa inasema ma in kati, maana yake "sitaki". Sijui kama alikuwa amechoka au anatoa mfano tu, ila mimi nikiona sentensi ile namwona mtu ameweka kalamu chini.

Karne zikapita. Mwaka 1952, mwaka ule ule Ruz anafungua kaburi, Mrusi mmoja kijana, Yuri Knorozov, ambaye hakuwa amekanyaga nchi ya Wamaya hata siku moja, alikaa Leningrad akayatazama maandishi ya Landa na kusema: hizi si herufi, ni silabi. Eric Thompson, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa mambo ya Wamaya, alimkataa hadi kufa kwake mwaka 1975, na ilikuwa zama za vita baridi, kwa hiyo Mrusi kuwa sahihi ilikuwa shida ya ziada. Desemba 1973 kulifanyika mkutano Palenque penyewe. Linda Schele, mwalimu wa sanaa kutoka Alabama, na Peter Mathews, mwanafunzi kutoka Australia, walikaa mchana mmoja wakaipanga historia ya wafalme wa mji, nani alizaliwa lini, nani alimrithi nani. Watu waliokaa kimya miaka 1,200 wakaanza kusema kabla ya chakula cha usiku.

Unaona nani hayumo kwenye hadithi hiyo? Mwenye lugha. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Schele na wenzake walianza kuendesha warsha za kuwafundisha Wamaya wenyewe kusoma maandishi ya mababu zao, na leo wapo Wamaya wanaoyasoma na hata kuchonga mapya. Don alijifunza akiwa mtu mzima, kwa kujibana, kwa vitabu alivyoazima.

Nilimuuliza kama shuleni aliwahi kufundishwa habari zozote za mji huu. Akasema alifundishwa kwamba Wamaya walitoweka. Kwa Kihispania. Mwalimu aliyefundisha hivyo ndiye aliyekuwa akiwachapa yeye na wenzake wakisema Kich'ol darasani. Fikiria kwanza hilo: unachapwa kwa kusema lugha ya watu ambao unaambiwa hawapo.

Nikamsimulia na mimi. Sekondari niliyosoma kulikuwa na kibao cha mbao, ukikamatwa unasema Kiswahili unavalishwa shingoni hadi umkamate mwingine. Kenya wenzetu walivalishwa kwa lugha zao za nyumbani. Don alisikiliza, akauliza Kiswahili kina watu wangapi. Nikamwambia ni makumi ya mamilioni, na ukihesabu wanaokitumia kama lugha ya pili wanazidi milioni 100. Alinyamaza kidogo halafu akasema, "Basi nyie mtapona."

Mwanawe ana miaka 15. Alitukuta chini ya mti saa sita, akamletea baba yake chakula. Don akamsemesha kwa Kich'ol, kijana akajibu kwa Kihispania, macho kwenye simu. Don akarudia kwa Kich'ol, kijana akajibu kwa Kihispania. Hawakugombana. Ilionekana ni mazungumzo yao ya kila siku, kila mtu upande wake wa mto. Chakula chenyewe kilikuwa chapati za mahindi na maharage, na nilipoambiwa nikaribie sikuwa na aibu. Nikamweleza don kwamba kwetu mahindi ndiyo chakula, kwamba bila ugali mtu anasema hajala, na kwamba tunayaita mahindi kana kwamba yalitoka kwa Wahindi. Alishangaa sana. Kwa Wamaya binadamu mwenyewe aliumbwa kwa unga wa mahindi, na mmea ule ulianza kulimwa Meksiko kama miaka 9,000 iliyopita, ukavuka bahari kuja kwetu enzi za Wareno. Kwa hiyo nusu ya mwili wangu imetoka huku, nikamwambia. Kijana akainua macho kwenye simu kwa mara ya kwanza.

Sasa, kuhusu kutoweka. Kitu kilichotoweka ni ufalme. Tarehe ya mwisho inayojulikana kutoka Palenque ni ya mwaka 799, na katika miaka 100 iliyofuata miji mingi ya nyanda za kusini ikaachwa. Ukame, vita, watu wengi kuliko chakula, na wafalme walioahidi mvua isiyokuja. Wataalamu wanabishana kuhusu kipi kilizidi. Watu walifanya ambacho watu hufanya, walihama. Miji ya kaskazini ikastawi. Ufalme wa mwisho wa Wamaya, Nojpetén, katika ziwa huko Guatemala, ulianguka mikononi mwa Wahispania Machi 1697. Hiyo ni miezi ishirini na kitu tu kabla Waomani hawajaiteka Fort Jesus Mombasa. Ni juzi hiyo.

Na tarehe 1 Januari 1994, hapa hapa Chiapas, walioshika silaha na kuingia San Cristóbal wakidai ardhi, jeshi la Wazapatista, wengi wao walikuwa Wamaya. Oktoba 2008 wanakijiji wa Chiapas walikuwa wamechukua geti la magofu mengine, Chinkultic, wakisema kiingilio kiwafikie wao. Polisi wakaja kuwaondoa, na wanakijiji 6 wakauawa. Magofu kwa sheria ni mali ya taifa. Getini Palenque wenyeji wanauza fulana, vinyago, mishale ya Walakandoni, kalenda zilizochorwa kwenye ngozi. Mtalii mmoja nyuma yangu alilalamika kwamba wachuuzi wanaharibu mandhari. Alikuja kuona Wamaya, lakini waliokufa.

Kwenye Hekalu la Maandishi kuna hesabu inayokwenda hadi mwaka 4772, sikukuu ya mbali ya Pakal kukalia kiti. Wale waliotuambia dunia itaisha Desemba 2012 hawakufika kwenye ukuta huo. Don anaipenda sana tarehe hiyo, aliniandikia kwenye daftari langu kwa nukta na mistari, nukta ni moja, mstari ni tano, gamba la konokono ni sifuri.

Nilipotoka nilisimama kwa binti mmoja muuza fulana. Zilikuwepo za Pakal kama rubani wa roketi, za fuvu, na moja ya kijivu ya mwaka 2012 ambayo nadhani imekosa mteja tangu siku hiyo. Maneno yote Kiingereza na Kihispania. Nikamuuliza kama anayo iliyoandikwa Kich'ol. Akasema hapana, nani angenunua? Nikasema mimi. Akanitazama, akaitazama ile ya kijivu, akaniuliza nikiandikiwa nitalipa kiasi gani.